Mchungaji Aliyekuwa Akilala Kilioni

Kwetu Dilala, kitongoji cha mji wa migodi huku Kongo, habari ya kifo inafika kwa njia nyingi. Inafika kwa simu, inafika kwa mwanamke anayepita barabarani ameshika kichwa kwa mikono miwili, inafika kwa mtu wa pikipiki aliyesimamishwa njiani na mizigo yake ili akawaite ndugu. Mchungaji wetu aliipokea kwa namna moja tu. Hakuuliza marehemu alikuwa nani mjini, wala alikufa kwa ugonjwa gani, wala kama alikuwa muumini wa kanisa letu. Aliuliza, "Nani atalala?"

Asiyeujua mji wetu ataliona swali hilo la ajabu. Kilio cha huku si jambo la kupita. Watu wanafunga turubai juu ya lupango, yaani ua wa nyumba, wanatoa viti na masufuria nje, wanawake wanakaa chini ndani pamoja na mfiwa, wanaume wanawasha moto uani. Mpaka siku ya maziko, na siku chache baada yake, lazima wawepo watu wa kulala pale pale. Wapo wanaokuja kutoa pole na kurudi kwao, na hao tunawashukuru. Lakini mfiwa akiamka asubuhi anawatazama waliolala. Anahesabu nyuso zao moyoni, na hazisahau.

Yeye alilala. Alikuwa na kanisa la mbao na mabati karibu na shule ninayofundisha, alikuwa na chama kidogo cha kusaidia wachimbaji na watoto wao, alikuwa na mke na nyumba nzuri tu, na bado sidhani kama kuna wiki aliyoimaliza kwenye kitanda chake. Alichukua boksi la katoni, akalitandika karibu na moto, akajifunika koti lake la kahawia, akalala kilioni kwa watu ambao wengine alikuwa hajawahi kuwaona wakiwa hai. Koti lile lilinuka moshi mwaka mzima. Mama Pasta, mkewe, alisema hafui nguo za mume wake, anazitoa moshi kwanza, kisha ndipo anaanza kufua.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala wa ukoo gani, kwa sababu mwenyewe hakupenda kueleza. Huku mtu anapimwa kwanza kwa hilo. Wanataka kujua kama babu yako aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya kampuni, kama babu yangu mimi, au kama wewe ni mwenyeji wa ardhi hii. Urafiki mwingi huanzia hapo, na chuki nyingi pia. Yeye alipoulizwa alijibu, "Mi ni mutu wa kilio," na aliyeuliza alibaki na swali lake.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Dereva wa pikipiki akimpitia karibu kwenye dimbwi alimtolea maneno ambayo sitayaandika, halafu jioni alihubiri juu ya upole bila aibu yoyote. Alikuwa na majivuno ya viatu. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, na kilioni alivivua akaviweka chini ya kichwa kama mto. Wageni waliona ni unyenyekevu. Sisi tulijua anaogopa vitaibiwa.

Na alikoroma. Ee, yule mtu alikoroma! Baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na rafiki yake wa karibu, alimwambia siku moja asubuhi mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri chai, "Pasta, mufu anatafuta kupumuzika, na we unamukatalia." Watu walicheka, hata mjane alicheka, na mchungaji akajibu kwamba anayekoroma anawajulisha waliomo ndani kwamba hawako peke yao. Sijui kama ilikuwa utani. Baada ya hapo niliwasikia wajane wawili kwa nyakati tofauti wakisema kweli ule mkoromo uliwasaidia.

Chama chake kilianza na wachimbaji. Vijana wanakuja hapa kutoka kila pembe ya Kongo kuchimba shaba na kobalti kwa mikono, na mji hauwajui majina. Wao wenyewe kwa wenyewe hawajuani majina. Mmoja anaitwa Kilo Mia, mwingine Mkongwe ingawa hajaota ndevu, mwingine Bwana Arusi kwa sababu siku ya kwanza alikuja kazini na suruali ya suti. Shimo linapoanguka, wenzake wanamtoa, wanamlaza juu ya gunia, na hapo ndipo inajulikana kwamba hakuna anayeweza kusema huyu ni mtoto wa nani.

Mchungaji alikataa kumzika mtu kwa jina la utani. Walimbishia, walimwambia jua ni kali, maiti haisubiri. Yeye alisema, "Mungu hajue mutu anaitwa Kilo Mia. Mama yake alimuitaka nani?" Akaenda kwenye chumba alichopanga kijana, akapekua mfuko wake, akauliza kwa mama anayewauzia bukari, yaani ugali, na samaki wadogo, akawauliza wenzake kijana alikuwa akitukana kwa lugha gani akikasirika. Kwa lugha ya matusi alijua aanze kutafuta upande gani wa nchi. Akapiga simu kwa mchungaji fulani Mbuji-Mayi au Kananga, naye akampa namba ya mwingine, na mara nyingi sana, kabla jua halijazama, alikuwa amepata jina. Nilimwona siku moja amekaa kwenye ngazi ya kanisa, simu mkononi, anarudia jina la kijana mmoja taratibu, la ubatizo na la babu yake, kama mwanafunzi wangu anayeogopa kulisahau mtihani ukifika.

Kilio cha vijana hao kilifanyika uani mwa kanisa. Yeye alikaa mahali pa baba. Watu walipita mbele yake wakimpa mkono na kumwambia pole, naye akapokea pole ile kwa uzito wake wote, akilia. Alilia kweli. Alipomaliza kulia alikula, na alikula vizuri, bukari na sombe, kisamvu chetu, akiomba kuongezewa.

Mambo mengine ya chama aliyafanya kwa kujivuta. Alileta watoto shuleni kwangu, watoto waliokuwa wakiosha mawe ya madini mtoni, miguu yao imepauka kwa udongo ule, na akagombana na mkuu wa shule juu ya sare mpaka mkuu akachoka akawakubali. Kwa hilo nitamshukuru mpaka nife. Lakini ripoti kwa wafadhili hakuziandika. Siku moja walikuja wageni wenye kamera, wakataka picha ya mchungaji akimfariji mama aliyefiwa. Aliwasimamisha mlangoni. "Hapana kupiga batu picha beko banalia," alisema, kwamba watu wanaolia hawapigwi picha, na msaada ule ukapotea. Baba alimsifu. Mimi nilifikiria madaftari ya watoto na nikakasirika.

Kuhusu siasa alikuwa na hotuba yake ambayo tuliijua kwa moyo. Alisema wanasiasa wanakuja kilioni na gunia la unga, wanasalimu, wanapigwa picha, wanaondoka chai yao ikiwa bado ya moto. Aliwaita wapitaji. Aliigiza namna wanavyotazama saa bila kuinua mkono, na kanisa zima lilicheka. Kwa hiyo aliposema atagombea udepite, yaani ubunge wa jimbo, wengi walidhani anaigiza tena.

Kilichomfikisha huko ni kilima. Kulikuwa na kilima nyuma ya mji ambako vijana walichimba, si mahali salama, lakini udongo wake ulikuwa mgumu na mashimo hayakuwa marefu. Kikauzwa, kikazungushiwa uzio, walinzi wakawekwa. Vijana wakahamia kwenye mashimo ya zamani yaliyoachwa, ambako udongo ni legelege na maji yanapenya kwa chini. Msimu ule wa mvua kanisa letu halikukauka machozi. Uani mwetu turubai moja lilikuwa halijakunjwa, jingine linafungwa.

Mchungaji alikwenda kwenye ofisi za wakubwa kuomba vijana wapewe mahali halali pa kuchimbia. Walimweka kwenye benchi tangu asubuhi. Jioni alitoka mtu mmoja aliyevaa vizuri, akamuuliza ni nani. Akasema ni mchungaji. Yule mtu akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema kama ni mchungaji basi akaombe.

Alikuja kwetu moja kwa moja kutoka huko. Mama alikuwa akichambua mboga, baba amekaa kwenye kiti chake akikohoa. Mchungaji hakukaa.

"Banasema niende nikaombe," alisema.

"Na we ulisema nini?" baba aliuliza.

"Sikusema kitu. Nilifikiri tu: kama kule mu nyumba ya badepite batu habatujue, mi nitaingia mwenyewe. Nitapiga kampanye, Tata. Nitakuwa depite."

Baba, Tata kama huku tunavyowaita wazee, alikohoa muda mrefu. Alikuwa na kikohozi cha watu waliofanya kazi ya kampuni ujana wao wote, na alipotaka kusema jambo kubwa kilimjia kwanza. Kisha akasema, "Pasta, na ukienda kule, ku kilio nani atalala?"

Nilimtazama mchungaji. Swali lilikuwa lake mwenyewe, na aliulizwa na mtu aliyempenda. Akaweka mkono kwenye bega la baba.

"Tata, nilichoka kulala," akasema. "Mi sasa nataka batoto basikufe."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi nikisahihisha madaftari, na kila mara naona alikuwa na haki, na kila mara moyo unaniuma kwamba alikuwa na haki. Tangu siku ile baba alikuwa na hofu moja, na aliisema wazi kwa kila aliyeuliza: kwamba tutampata depite, kama Mungu akipenda, na tutampoteza mtu wetu wa kilio.

Kampeni ilipoanza tulimsaidia sote. Kwaya ilitoa wimbo. Mfanyabiashara mmoja, wa wale wanaonunua madini kwa wachimbaji kwa mizani ambayo mchungaji aliwahi kuilaani mimbarini Jumapili nzima, alimwazima gari kubwa na spika zake, na mchungaji akalipokea. Fulana zilichapishwa zenye uso wake. Vijana walizivaa kwenda mashimoni, kwa sababu fulana mpya ni fulana mpya, na siku za kufua nguo uso wake ulining'inia kwenye kamba mtaa mzima, ukitabasamu, maji yakimdondoka. Baba alisema kwamba hajawahi kumwona Pasta akioga mbele za watu namna hiyo.

Halafu wakaja vijana wa kampeni na programu. Sitawalaumu sana. Walifikiri kama watu wa kampeni wanavyofikiri popote: watu wako wapi? Watu wako kilioni. Kila kitongoji kina kilio, na kilio kina watu mia wamekaa pamoja hawana pa kwenda. Kwa hiyo waliviingiza vilio vyote kwenye programu ya siku, cha Dilala, cha Manika, cha barabara ya kwenda Nzilo, kimoja baada ya kingine. Mtu anayekwenda kwenye vilio vinne au vitano kwa siku hawezi kulala hata kimoja.

Alianza kupita. Ndivyo watu walivyosema, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani. "Pasta alipita." Alifika, akasalimu, akaomba, gunia la unga likashushwa, mtu mwenye simu kubwa akapiga picha, wakaondoka. Mwanzoni wafiwa walifurahi, maana ni heshima. Kisha walianza kuuliza, lakini atarudi kulala? Na vijana wa kampeni wakajibu ndiyo, akipata nafasi.

Baba alikufa katikati ya kampeni hiyo. Kifua chake kilikuwa kimekwisha muda mrefu, na kifo chake hakikutushangaza, ila kilituvunja. Mama alikaa chini sebuleni na mimi nikashika simu. Wa kwanza niliyempigia alikuwa mchungaji. Haikupokewa na yeye, ilipokewa na kijana wake mmoja.

"Pole sana, mama," akaniambia, ingawa tulikuwa karibu umri mmoja. "Programu yake ilishajaa. Lakini tutabatia mu programu ku siku ya posho, asubui."

Siku ya posho ni Jumamosi. Wazee wa kampuni waliiita hivyo kwa sababu ndiyo siku waliyogawiwa chakula, na jina likabaki. Nilikata simu nikabaki nimeishika. Nilikuwa nimemwambia yule kijana jina la baba, kwamba ni mzee wa kanisa, kwamba ni rafiki yake. Nilikuwa na hakika kwamba Pasta mwenyewe akisikia ataacha yote. Watu walikuja kulala, walijaa, majirani, waliofanya kazi na baba, wanakwaya. Moto uliwaka uani na katoni zilitandikwa. Mahali pake palikuwa wazi, si kwamba mtu alipatenga, ila hakuna aliyetaka kulala hapo.

Alikuja Jumamosi. Tuliusikia wimbo wa kampeni ukikaribia, kisha ukazimwa walipofika kona. Hiyo ilikuwa adabu, nakubali. Aliingia na watu wake, amevaa koti jipya, amekonda. Alipomwona mama sakafuni alipiga magoti, akamkumbatia, na machozi yalimtoka, na nilijiambia, sasa amekuja. Nilifarijika kwa kweli. Mama alimshika mkono akaukandamiza shavuni.

Kisha akasimama, akaomba. Alikuwa na kipawa cha kuomba, hata siku ile. Sauti yake ilishuka, akamshukuru Mungu kwa maisha ya mzee wetu, kwa kazi ya mikono yake, kwa watoto aliowalea. Akasema, "Baba, tunamurudisha mu mikono yako mutumishi wako, Tata Étienne."

Baba aliitwa Placide.

Alilitaja tena, mara ya pili na ya tatu. Wanawake waliokuwa wameinamisha vichwa waliviinua mmoja mmoja. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Étienne ni nani?" na mwingine akajibu, "Ni ule mutu balizika jana ku Manika." Mama aliinua uso akamtazama mchungaji, na mchungaji alikuwa amefumba macho, anaomba kwa moyo wote, kwa mtu mwingine. Hakusikia alichosema. Akasema amina na hakuna aliyeitikia. Alidhani ni huzuni. Akampa mama mkono, akanishika kichwa, gunia likashushwa, sukari ikashushwa. Gari halijafika kona, wimbo ukaanza tena.

Mtu ambaye alikataa kumzika mchimbaji asiye na kwao kabla hajajua mama yake alimwita nani alikuwa amempoteza rafiki yake mwenyewe mdomoni. Wanawake walimtazama mama waone atapokeaje. Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Mupatie batu chai," alisema.

Najua mtu wa kwaya alimwambia mchungaji jioni ile ile. Najua kwamba alipoambiwa alikaa chini. Hakurudi. Siku ya maziko alituma mchele na mtu wa kuuleta, na aliyeomba kaburini alikuwa mzee mwingine wa kanisa, aliyekuwa na kigugumizi, na ambaye alilitaja jina la Placide mpaka likatosha. Sijui kama Pasta alizuiwa na aibu au na programu. Nilitaka iwe aibu.

Uchaguzi ulipita, akashindwa. Kila mtu ana maelezo yake, na mengine ni machafu, sitayarudia. Nilimpigia kura. Na jambo lililonishangaza ni kwamba mama naye alimpigia. Nilimuuliza tukiwa njiani kurudi kutoka kituoni.

"Nilimupigia," alisema. "Juu ya kile kilima alisemaka kweli."

"Na juu ya Tata?"

"Ile ni mambo ingine."

Kilima bado kimezungushiwa uzio. Vijana bado wako kwenye mashimo ya zamani. Mfanyabiashara alichukua gari lake siku iliyofuata, spika na zote. Mchungaji msaidizi aliondoka na nusu ya waumini, wakafungua kanisa jingine mitaa miwili kutoka kwetu, na chama kikafungwa mlango, ingawa kibao chake hakikutolewa. Mtu angeweza kusema mchungaji alipoteza vyote hivyo, na angekuwa amesema kweli, lakini sivyo vilivyomuua moyo.

Alianza tena kuja kilioni. Nilimwona kwa macho yangu nyumbani kwa fundi viatu wa mtaa wa pili, aliyefiwa na mke. Aliingia peke yake kwa miguu, na koti lake la zamani, na katoni kwapani. Watu walisimama. Mmoja alileta kiti cha plastiki akakipangusa kwa mkono, akakiweka mbele, pale wanapokaa wakuu wa mtaa.

"Onorable, karibu ku kiti," alisema.

"Hapana, ndugu yangu, mi nitakaa na bengine ku moto."

"Hapana, Onorable. Onorable hakae chini."

Hawakuwa wanamdhihaki, angalau si wote. Ndivyo watu wetu wanavyofanya na mtu aliyewahi kugombea. Hata akishindwa, cheo hicho cha Mheshimiwa kinabaki kimemganda. Alikaa kwenye kiti kile cha mbele, katoni imeegemezwa ukutani. Wazee waliokuwa wakimtania walimwongelesha kwa adabu. Mwanamke mmoja akamuuliza kama safari hii kuna unga. Jua lilipoanza kushuka alisimama akaaga, na hakuna aliyemwambia abaki. Nilimfuata kwa macho akitoka, na nilitaka kumkimbilia nimwambie rudi, lala, nani atakukataza. Lakini nilikuwa nimeona alivyotazamwa. Walikuwa wakisubiri atoke ili waweze kulia.

Alikuja kwetu mara ya mwisho msimu wa mvua uliofuata, alasiri, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Tangu nimfahamu alikuwa akiingia kwetu kwa mlango wa jikoni, akifunua sufuria kabla hajasalimu. Siku ile alibisha geti la mbele. Mama alimfungulia mwenyewe.

"Karibu, tata," akasema. "Karibu mu salo."

Sebuleni alimpa kiti cha kitambaa, kile cha wageni. Alinituma dukani nikanunue soda ya baridi, na niliporudi nilimkuta ameshatandika kitambaa kidogo mezani, na bilauri imegeuzwa juu ya kisahani. Mchungaji alikaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti. Viatu vyake vilikuwa na matope, na hakuwa amevifuta. Waliulizana habari za afya, za Mama Pasta, za mvua. Akasema anahamia Tenke. Kuna waumini wachache huko karibu na reli, wamemwita.

"Ni muzuri," mama alisema. "Tenke iko na batu."

Mchungaji alimimina soda, hakuinywa. Kisha akasema jina la baba. Alilisema lote, la ubatizo, la babu yake, la baba yake aliyeletwa kutoka Kasai, na la kijiji alichotoka mzee huyo, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

"Njo ye," mama aliitikia. "Njo jina yake."

"Mama, ile siku mi sikukuya kulia Tata. Nilipita." Alisukuma bilauri pembeni. "Kama munanipatia ruhusa, leo nilale hapa. Pale inje, usiku moja tu. Nilale kwa ajili yake. Kesho ninaenda."

Nilimtazama mama. Nilikuwa namwomba kwa macho akubali, sioni haya kusema hivyo. Uani kulikuwa na maji, hapakuwa na moto wala turubai, na ningemwashia moto mimi mwenyewe kwenye mvua kama mama angeitikia kwa kichwa tu. Mama alinyoosha pembe ya kitambaa cha meza. Alimtazama kwa upendo. Naapa ulikuwa upendo.

"Kilio iliisha, tata," alisema.

Mchungaji aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akachukua bilauri, akanywa soda yote, polepole, mpaka mwisho, kama mgeni anayejua adabu. Mama akamsindikiza mpaka barabarani, kama wageni wanavyosindikizwa, wakapeana mikono, akamtakia safari njema na kumwambia amsalimie Mama Pasta. Nilisimama dirishani nikamwona akiruka madimbwi mpaka akapotea nyuma ya shule.

Mama alirudi, akafunga mlango. Hakufika kwenye kiti. Alikaa chini pale pale sakafuni, akanyoosha miguu, akajifungua kilemba, akaanza kulia kwa sauti, ile ya kupandisha na kushusha, ambayo sikuisikia kwake hata siku ya baba. Nilikaa karibu naye nikamshika, na mimi nikalia. Jirani yetu wa ukuta wa pili alisikia, akaja mbio bila viatu, matope mpaka magotini, akasimama mlangoni.

"Mama! Nani alikufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, arudi tu nyumbani kwake. Alitutazama sote wawili, akafunga kitenge chake vizuri, akaingia akakaa chini pamoja nasi.